Pole, Samahani na Sori

Maneno husafiri kama watu wasafirivyo. Huvuka bahari, hupanda milima, hupiga hodi katika lugha ya watu wengine, na yakikaribishwa huketi. Kiswahili ni nyumba yenye mlango mpana. Kimepokea wageni kutoka Uarabuni, Uajemi, Bara Hindi, Ureno na Uingereza, na wengi wao sasa ni wenyeji ambao hapana awaulizaye walikotoka. Hakuna ubaya katika ukarimu huo. Walakini mgeni akiingia nyumbani huulizwa jina lake na kazi yake, na neno geni nalo lastahili kuulizwa vivyo hivyo. Neno linaloulizwa hapa ni dogo, tena husikika kila siku barabarani, madukani, shuleni na maofisini. Ni neno la Kiingereza "sorry", ambalo vinywa vya Waswahili vimelifanya "sori".

Swali lenyewe si la sarufi, bali ni la adili. Mtu aliyemwumiza mwenzake, na mtu aliyeingiwa na huruma kwa maumivu ya mwenzake, je, yafaa watumie neno moja? Na wakitumia neno moja, nani hupata faida, na nani hupata hasara?

Na ichukuliwe kwamba jambo limetokea Katandala, kata mojawapo ya mji wa Sumbawanga, katika nyanda za juu za Ufipa. Ni asubuhi ya mwezi wa Januari. Mvua imenyesha usiku kucha, na baridi ya nchi ile, iliyoinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, haijaondoka bado. Mwanamke mzee anakwenda sokoni, amejitwika beseni la maharage. Kijana wa bodaboda anapita kwa haraka, usukani wa pikipiki unampiga mzee kiwiko, beseni linaanguka, na maharage yanamwagika topeni. Kijana anapunguza mwendo, anageuza kichwa, anasema, "Sori, bibi!" kisha anakwenda zake. Mzee anainama kuokota punje moja moja. Mpita njia anasimama, naye anasema, "Sori, bibi," anachuchumaa, anaanza kuokota pamoja naye.

Watu wawili wamesema neno moja. Mmoja ndiye aliyemwaga, na wa pili hakumwaga kitu. Kama kipofu angalikuwa kando ya njia ile, asikie sauti tu, asingalijua yupi mwenye kosa na yupi mwenye huruma. Pengine angalidhani kwamba mzee amejikwaa mwenyewe, na kwamba amepata bahati ya kuliwazwa na watu wema wawili. Lakini kama kijana angalisema, "Nisamehe, bibi," na mpita njia akasema, "Pole, bibi," kipofu angalijua kila kitu. Angalijua nani ana deni na nani ametoa sadaka. Maneno mawili yangalifanya kazi ya macho.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo, na kwa hiyo maneno haya hayana budi kupimwa moja moja.

"Pole" ni neno la jamaa kubwa. Ndugu zake ni upole, mpole, polepole, na kitenzi kupoa. Mtu aliyepatwa na msiba, ugonjwa au uchovu huhesabiwa kuwa na moto ndani yake, na anayemwambia pole humtakia moto huo upungue. Kwa sababu hiyo pole hutolewa kwa mfiwa, kwa mgonjwa, kwa msafiri, na hata kwa mtu aliye kazini ambaye hakupatwa na baya lolote ila jasho lake. Neno hili haliombi kitu. Ni zawadi itokayo kwa asemaye kwenda kwa aambiwaye, wala halimwulizi mtoaji kama ana hatia. Majibu yake huthibitisha tabia yake, maana aliyepewa pole hujibu "asante", ama hujibu "nimeshapoa". Mtu hushukuru anapopewa, wala hashukuru anapoombwa.

"Samahani" ni neno la namna nyingine. Limetoka katika Kiarabu, na katika asili yake limo wazo la ukarimu na uvumilivu. Asemaye samahani hakutoa zawadi, bali ameomba. Alichoomba ni mali ya mwingine, yaani msamaha, na mwenye mali ana hiari ya kutoa au kuzuia. Neno hili basi hugeuza mizani. Dakika moja kabla yake mkosaji alikuwa mwenye nguvu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeumiza. Akisema samahani kwa kweli, nguvu huhamia kwa aliyeumizwa, na mkosaji husimama mlangoni kama mwombaji. Ndiyo sababu neno hili ni gumu kinywani mwa watu wenye kiburi.

Juu ya samahani yako maneno mazito zaidi. Kuomba radhi ni kuomba ridhaa ya moyo wa mtu. Mwombaji anakubali kwamba ameondoa utulivu wa mwenzake, na kwamba yeye mwenyewe hatakuwa na utulivu mpaka ule wa mwenzake urudi. Kuungama ni kulitaja kosa kwa kinywa cha aliyelitenda. Kutubu, kwa asili ya neno, ni kurudi: mtu alikwenda njia mbaya, sasa anageuza miguu. Hivyo Kiswahili kina ngazi kamili, kuanzia kukanyaga kiatu cha mtu hadi kuharibu maisha yake, na kila kipandio kina jina.

Mwili nao una ngazi yake. Katika desturi ya Wafipa, kama ilivyo kwa majirani wao wengi, heshima haikukaa mdomoni peke yake. Mtu alipiga magoti mbele ya mkubwa, akapiga makofi taratibu, na salamu ikachukua muda wake. Mtu asingeweza kufanya hayo huku akikimbia. Salamu ile ilimlazimisha asimame, na kusimama ni nusu ya adabu. Sasa neno "sori" lina sifa moja ambayo maneno ya zamani hayakuwa nayo: laweza kusemwa bila kusimama. Ni fupi, ni jepesi, na laweza kutupwa nyuma ya bega kama ganda la muwa.

Lakini haki yataka neno geni lisihukumiwe kwa matendo ya wanaolitumia vibaya. Lazima liulizwe kwao.

Kwa Waingereza wenyewe "sorry" ni neno la kale sana. Katika Kiingereza cha kale mzizi wake ulikuwa neno la maumivu, ule ule uliozaa neno lao la kidonda na mahali panapouma. Mtu wa "sorry", zamani hizo, alikuwa mtu aumwaye moyoni. Kwa asili, basi, lilikuwa karibu na pole kuliko samahani. Lilieleza maumivu, halikueleza hatia. Baada ya karne nyingi lilibeba mizigo mingine. Leo Mwingereza hulitumia kumliwaza mfiwa, kuomba msamaha, kumwomba mtu arudie maneno yasiyosikika, kukataa ombi kwa adabu, na hata kueleza hali duni ya kitu kibovu. Yeye mwenyewe hutofautisha mizigo hiyo kwa sauti, kwa uso, na kwa maneno anayoyatia mbele na nyuma. Si kweli, basi, kwamba Kiingereza hakina njia ya kukiri kosa. Njia iko, ila neno hili peke yake haliioneshi.

Kwamba hata wenyewe wametatizika, sheria zao ni shahidi. Mwaka 1986 jimbo la Massachusetts, huko Marekani, lilitunga sheria kwamba maneno ya huruma aliyoambiwa mtu aliyeumia katika ajali yasitumiwe mahakamani kuwa ushahidi wa kukiri kosa. Mwaka 2006 sheria ya Uingereza ilisema kwamba kuomba radhi, peke yake, si kukiri uzembe. Mwaka 2009 jimbo la Ontario, nchini Kanada, lilipitisha sheria nzima juu ya kuomba radhi, nayo ikayakusanya maneno ya huruma na maneno ya majuto katika fungu moja, kisha ikayakinga yote. Nia ya sheria hizo haikuwa mbaya. Watu waliogopa kusema neno jema wasije wakashitakiwa, na sheria ikataka kuwaondolea hofu. Lakini jambo lingine laonekana humo. Neno ambalo halijulikani kama ni huruma au hatia limehitaji mabunge kulitafsiri, na tafsiri iliyochaguliwa ni ile inayomwacha msemaji bila deni.

Neno hilo lilipofika Afrika ya Mashariki, lilipata mkasa wa kupendeza. Watu wa huku walilisikia, wakaona lafanana na pole, wakalipa kazi ya pole. Mgeni kutoka Uingereza akijikwaa njiani, mwenyeji anayejua Kiingereza humwambia "sorry". Mgeni hushangaa, na wakati mwingine hujibu kwamba mwenyeji hakukosa kitu. Mwenyeji naye hushangaa, kwani hakusema kwamba amekosa. Alisema kwamba ameona. Wote wawili ni wema, lakini hawakuelewana. Kwa mgeni, neno lile lataka mwenye kosa. Kwa mwenyeji, maumivu ya mtu hayangoji apatikane mwenye kosa ndipo yaonewe huruma. Katika jambo hili Waafrika hawakuharibu Kiingereza. Walilirudishia neno maana yake ya kale bila kujua, na huenda walilifanya liwe bora.

Hasara ilikuja upande wa pili. Neno lililojifunza kazi ya pole katika Kiingereza cha huku liliingia katika Kiswahili na kunyakua kazi ya samahani pia. Sasa limekaa viti viwili. Tena, kwa kuwa Kiingereza ni lugha ya shule za sekondari na ya ofisi nyingi, neno hili lina hadhi. Mtu aweza kuona haya kusema "nisamehe", lakini asione haya kusema "sori". Haya hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya neno. Neno lisilomgharimu msemaji kitu halimfikishii msikilizaji kitu.

Atatokea mtu aseme kwamba lawama hii imekithiri, kwa kuwa Kiswahili chenyewe si malaika. Atakuwa amesema kweli, na ukweli wake lazima ukubaliwe. Kwanza, samahani nayo imechakaa. Watu husema samahani wanapouliza saa, wanapoita mhudumu hotelini, wanapopita mbele ya mtu. Hawakukosa lolote, na hawaombi msamaha wowote. Pili, mkosaji mjanja aweza kuvaa vazi la pole. Dereva aliyemgonga mtoto wa watu aweza kufika matangani, akaketi na waombolezaji, akasema "poleni sana" kama aliyesikia habari kwa mbali. Neno ni zuri, lakini limewekwa mahali pa neno jingine, na wafiwa wanajua. Tatu, sarufi ya Kiswahili ina kichaka chake cha kujifichia. Mtoto akivunja kikombe hasemi, "Nimevunja kikombe." Husema, "Kikombe kimevunjika." Kitenzi kimetimia, habari ni ya kweli, na mtendaji ametoweka. Watu wazima nao hawakusahau somo hilo la utotoni: fedha zimepotea, faili halionekani, makosa yamefanyika.

Kwa hiyo hakuna lugha inayowafanya watu wake kuwa wakweli. Lugha huweka tu milango. Kupita ni hiari ya mtu. Lakini nyumba yenye milango miwili, mmoja wa huruma na mmoja wa hatia, humlazimisha mtu achague. Akiingia mlango wa huruma ilhali ana hatia, amedanganya, na watu waweza kumwambia hivyo. Nyumba yenye mlango mmoja haimwulizi. Mkosaji na mfariji huingia pamoja, wameshikana mabega, na baada ya kuketi hapana awezaye kuwatofautisha. Faida ni ya mkosaji. Hasara ni ya yule aliyeumizwa, ambaye amepewa zawadi mahali alipodai haki.

Huenda ikadhaniwa kwamba haya ni mambo madogo ya maharage na vikombe. Lakini swali lile lile lililoulizwa Katandala limeulizwa kati ya mataifa, na lilijibiwa kwa njia mbili tofauti katika juma moja.

Utawala wa Wajerumani ulifika hata Ufipa. Kasanga, penye mwambao wa Ziwa Tanganyika, waliweka boma wakapaita Bismarckburg kwa jina la waziri wao mkuu. Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, havikufika nyanda hizo. Vilipiganwa kusini na mashariki, na majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na vyakula hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Baadhi ya wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa walifika 300,000. Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni, alinyongwa mwaka 1906. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika mji unaoitwa kwa jina la kiongozi huyo, akakutana na uzao wake, akataja aibu yake, na akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda wazee wa watu hao.

Siku moja kabla yake, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles wa Tatu wa Uingereza alikuwa Nairobi. Alizungumza juu ya maovu waliyotendewa Wakenya katika kupigania uhuru wao. Alisema kwamba maovu hayo hayana udhuru, na akaeleza huzuni yake kubwa na masikitiko yake. Hakuomba msamaha. Miaka kumi kabla yake, mwezi wa Juni 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliliambia bunge la nchi yake kwamba serikali inasikitika kwa mateso ya siku za Mau Mau, na kwamba wadai 5,228 watalipwa. Jumla, pamoja na gharama za kesi, ilikuwa pauni milioni 19.9. Papo hapo alisema kwamba serikali bado inakana kuwajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Mwaka 2015 mnara wa ukumbusho wa walioteswa ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, kwa fedha za Uingereza.

Mambo haya mawili yakitafsiriwa kwa Kiswahili cha kila siku, tofauti yake haijifichi. Nairobi palisemwa pole, pole ya heshima na ya huzuni ya kweli, tena iliyokiri kwamba udhuru haupo. Songea palisemwa nisameheni. Lakini hadithi haiishii hapo, na msomaji asikimbilie kumsifu mmoja na kumlaumu mwingine. Wakenya walilipwa fedha bila kuombwa msamaha. Watu wa Songea waliombwa msamaha, wakaahidiwa kwamba habari yao itapelekwa Ujerumani ikajulikane, lakini fidia haikutajwa. Upande mmoja ulipewa mkono bila neno, na upande wa pili ulipewa neno bila mkono. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wangaliishi leo pengine wangaliongeza kwamba mkono uliojaa nao huacha ladha chungu, ikiwa mtoaji anakataa kusema kwa nini anatoa.

Kutoka katika mifano hii, mikubwa na midogo, yaonekana kwamba kuomba radhi kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni kulitaja kosa kwa jina lake na kwa nafsi ya kwanza: nimemwaga, si yamemwagika. Ya pili ni kuomba, yaani kumwachia mwenzake hiari ya kusamehe au kutosamehe. Ya tatu ni kurudisha kinachorudishika. Sehemu ya kwanza bila ya tatu ni maneno matupu. Ya tatu bila ya kwanza ni biashara. Na ya pili ikikosekana, zote mbili hugeuka amri, kwa maana mkosaji ndiye anayeamua kwamba mambo yamekwisha. Pole haina hata sehemu moja kati ya hizi, wala haikuumbwa kuwa nazo. Kazi yake ni nyingine, nayo ni njema. Samahani inayo ya pili, na humvuta msemaji kuelekea nyingine mbili. Sori haina hata moja mpaka msemaji aitie mwenyewe.

Watu waliotunga sheria za kusuluhisha walilijua jambo hili. Sheria ya mabaraza ya kata ya Tanzania, ya mwaka 1985, ililipa baraza kazi ya kutafuta amani kwa kupatanisha watu. Wazee wa usuluhishi popote pale hawaanzi kwa kuuliza, "Umesikitika?" Huanza kwa kuuliza, "Umefanya nini?" Masikitiko ni ya mtu ndani ya moyo wake, na hapana awezaye kuyapima. Tendo ni la wote, kwa kuwa lilitendeka katikati ya watu.

Kuna wengine watakaosema kwamba yaliyopita si ndwele, na kwamba ni heri kuyafukia. Wakulima wa Ufipa wangeweza kuwajibu. Kwa desturi yao ya kilimo cha matuta, majani hufukiwa ndani ya udongo yaoze yawe mbolea, na chakula huota juu yake. Lakini majani hayafukiwi yakiwa yamesimama. Hukatwa kwanza, yakalazwa, ndipo yakafunikwa. Kosa lisilotajwa ni majani yaliyofunikwa bila kukatwa. Mvua ya kwanza ikinyesha huchipuka tena, tena kwa nguvu.

Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa na wenyeji kuwa ni amri ya kuutupa uchawi. Liwe lilitoka katika kisa gani, amri hiyo yaeleweka: anayetaka kuingia kwa watu na aweke chini kile kinachoweza kuwadhuru. Kuomba radhi kwa kweli ni amri hiyo hiyo ambayo mtu hujipa mwenyewe. Huweka chini udhuru wake, haraka yake, na hadhi yake, kisha huingia. Asiyeweka kitu chini hakuomba radhi, amepita tu.

Je, basi, sori ifukuzwe? La. Lugha haiendeshwi kwa marufuku, na mgeni aliyekwisha keti hafukuzwi kwa fimbo. Mtu akimkanyaga mwenzake kiatu ndani ya basi lililojaa, sori yatosha, kama samahani itoshavyo; hakuna afaidikaye kwa kulitia jambo dogo uzito usio wake. Hata mpita njia wa Katandala, aliyesema sori huku akiokota maharage, hakukosa. Mikono yake ilitafsiri neno lake, na mzee alimwelewa. Mashaka huja pale ambapo jambo ni zito na mikono haitendi kitu. Hapo neno lazima lisimame peke yake, nalo haliwezi kusimama, kwa kuwa lina maana mbili na msemaji hakuchagua.

Katika hali hiyo kuna kipimo chepesi ambacho kila mtu aweza kukitumia juu ya nafsi yake. Na asikilize jibu ambalo neno lake lamwezesha mwenzake kulitoa. Aliyeambiwa pole hujibu, "Nimeshapoa." Aliyeambiwa nisamehe aweza kujibu, "Nimekusamehe," ama aweza kusema, "Bado, nipe muda." Aliyeambiwa sori na mtu anayekwenda zake, ajibu nini? Hakuna jibu, kwa sababu hakuna wa kujibiwa. Mazungumzo yamekatwa kabla ya kuanza, na aliyeumizwa ameachwa na tope, beseni tupu, na neno ambalo halijui ni la nani.

Kijana wa bodaboda bado ana nafasi. Barabara ni ile ile, na kesho atapita tena. Akimwona mzee, na azime pikipiki. Kuizima ni muhimu, kwa kuwa mtu hasikii vema juu ya ngurumo ya mtambo wake mwenyewe. Na aseme, "Bibi, jana mimi ndiye niliyekupiga kiwiko nikamwaga maharage yako. Nimekuja unisamehe, na hii ni bei yake." Maneno hayo si mengi, na yote ni ya lugha aliyonyonya. Bibi aweza kukubali, aweza kukataa, aweza kumgombeza kwanza na kumsamehe baadaye, kama bibi wengi wafanyavyo kwa wajukuu. Hiyo ni haki yake. Na ikiwa mzee, akiisha kusamehe, atamtazama kijana yule alivyolowa kwa mvua na alivyochoka kwa kazi, akamwambia, "Pole na wewe, mjukuu wangu," hapo maneno yote mawili yatakuwa yamesemwa, kila moja na mwenyewe.